Namna klabu za besiboli zinavyosaka warushaji kwa mabadilishano: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Mwaka 2018 klabu ya Pittsburgh Pirates ilifanya dili mbili kubwa za warushaji, yaani wachezaji wanaomrushia mpigaji mpira, na zote mbili zikaigeukia. Januari iliwapa Houston Astros mrushaji wake bora, Gerrit Cole, ikapokea wachezaji wanne. Julai 31, siku ya mwisho ya mabadilishano, ikamchukua Chris Archer kutoka Tampa Bay Rays kwa kuwatoa Tyler Glasnow na Austin Meadows, na baadaye ikamwongeza kijana Shane Baz. Ulipofika mwisho wa msimu wa 2019, Cole alikuwa miongoni mwa warushaji wakali kuliko wote duniani, Glasnow alikuwa tishio, na mipira ya Archer ilikuwa inapigwa kila anapopanda kilimani kurusha.

Ukiziweka dili hizo mbili pamoja unaona kitu kimoja. Astros na Rays walijua, kabla hata ya kupiga simu, kwamba mrushaji huyu akifika kwao atarusha nini tofauti na anachorusha sasa. Pirates walinunua jina na takwimu za nyuma. Mwongozo huu nimeujenga juu ya jambo hilo, kwa sababu naamini ndilo linalotenganisha ofisi inayojua kazi yake na ofisi yenye pesa tu.

Maneno machache kwanza. Mechi ya besiboli ina zamu 9. Mrushaji wa kuanza hufungua mechi na kujaribu kufika zamu ya 5, 6 au zaidi, kisha warushaji wa akiba humalizia. Wastani wa mikimbio ni idadi ya mikimbio, yaani pointi za wapinzani, anayoruhusu mrushaji kwa kila zamu 9: chini ya 3 ni bora sana, juu ya 5 ni balaa. Straiki ni mpira mzuri ambao mpigaji anaukosa au anauacha upite; akifikisha straiki tatu anatoka. Anayerushiwa mipira minne mibaya anapewa beisi ya bure, yaani anasogea hadi kituo cha kwanza bila kupiga.

Na kwa aliyezoea dirisha la usajili la soka, ambako klabu hutoa ada ya uhamisho na kumchukua mtu, ajue kwamba Ligi Kuu ya Marekani, MLB, haiendi hivyo. Mkataba wa mchezaji huhama kama ulivyo, na bei yake hulipwa kwa wachezaji wengine. Pesa huweza kuongezwa kusawazisha mambo, lakini moyo wa malipo ni watu. Kila mrushaji unayempata umemlipia kwa mtu ambaye angeweza kukuchezea.

Hatua ya 1: Amua unamtaka kwa ajili ya mwaka gani

Kabla jina lolote halijatajwa kwenye kikao, jibu hili: ushindi unaoutafuta ni wa Oktoba hii, mechi za mtoano zinapochezwa, au ni wa miaka mitatu ijayo?

Chicago Cubs ni mfano mzuri kwa sababu walijibu mara mbili kwa namna mbili. Julai 2013 walikuwa timu dhaifu inayojengwa upya. Walikuwa na Scott Feldman, mrushaji wa mkataba wa mwaka mmoja aliyekuwa anafanya vizuri. Wakampeleka Baltimore Orioles pamoja na Steve Clevenger, mdakaji (anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kupokea mipira ya mrushaji), wakamchukua Jake Arrieta na Pedro Strop. Arrieta alikuwa na wastani wa 5.46 akiwa Orioles. Mwaka 2015 alishinda mechi 22, akapoteza 6, wastani ukashuka hadi 1.77, na akachukua Cy Young, tuzo ya mrushaji bora wa mwaka.

Julai 2016 klabu ileile, chini ya kiongozi yuleyule Theo Epstein, ilikuwa bora kwenye ligi. Ikatoa wachezaji wanne, akiwemo kijana Gleyber Torres, ili impate Aroldis Chapman wa New York Yankees, mrushaji wa akiba ambaye mkataba wake ulikuwa unaisha msimu ule ule. Cubs wakabeba ubingwa wa kwanza tangu 1908. Desemba Chapman akarudi Yankees. Kimpira, dili zote mbili zilikuwa sahihi kwa mwaka zilipofanyika, na zingebadilishana nafasi zote zingekuwa makosa. Niongeze hapa: Chapman alikuwa ametumikia adhabu ya mechi 30 msimu huo chini ya sera ya ligi dhidi ya ukatili wa nyumbani. Uchunguzi wa mwenendo wa mtu ni sehemu ya kazi, na unafanywa kabla ya kujadili bei.

Kuna hesabu rahisi inayosaidia kujibu swali la mwaka. Mrushaji wa kuanza anayefika mwishoni mwa Julai anapata mechi kama 10 hadi 12 kabla msimu wa kawaida kuisha. Hata awe mzuri vipi, mechi hizo haziwezi kuziba pengo kubwa kwenye msimamo. Lakini kwenye mtoano, mrushaji huyohuyo anaweza kuanza mechi mbili katika mfululizo wa mechi saba. Ndiyo maana timu ambayo tayari ina uhakika wa kufika Oktoba inaruhusiwa kulipa zaidi kuliko timu inayohangaika kuingia. Wengi hufikiri kinyume, kwamba anayehangaika ndiye mwenye shida zaidi ya mrushaji.

Hatua ya 2: Hesabu miaka, kisha mshahara, kisha jina

Katika MLB siku 172 kwenye kikosi cha juu huhesabiwa mwaka mmoja wa utumishi. Kwa kawaida mchezaji akiwa chini ya miaka mitatu hulipwa karibu na kima cha chini. Kuanzia wa tatu hadi wa sita mshahara wake hupandishwa kwa usuluhishi, ambako jopo huamua pande mbili zikishindwa kuafikiana. Akitimiza sita, mkataba ukiisha, yuko huru kwenda anakotaka. Wachache wenye miaka miwili na ushee huingia kwenye usuluhishi mapema. Kwa hiyo unaponunua mrushaji, unanunua idadi ya miaka iliyobaki kabla hajawa huru.

Garrett Crochet anaonyesha vizuri. Desemba 2024 Chicago White Sox, waliokuwa wametoka kupoteza mechi 121, walimpeleka Boston Red Sox. Alikuwa amebakiwa na misimu miwili na mshahara mdogo. Boston ikatoa vijana wanne: Kyle Teel, Braden Montgomery, Chase Meidroth na Wikelman González. Bei ile ilikuwa ya misimu miwili ya bei nafuu ya mrushaji aliyewatoa wapigaji 209 kwa straiki katika zamu 146. Mrushaji mwenye uwezo uleule aliyebakiza miezi miwili asingefikia hata nusu ya bei hiyo.

Kuna kitu kingine kinachosahaulika. Mchezaji ukiwa naye tangu mwanzo wa msimu hadi anapokuwa huru, unaweza kumpa ofa rasmi ya mwaka mmoja. Akiikataa na kwenda kwingine, klabu hupata nafasi ya ziada kwenye uteuzi wa vijana, ambako kila mwaka klabu huchagua vipaji vipya kwa zamu. Ukimchukua katikati ya msimu, haki hiyo haipo. Tofauti ya kumchukua mtu Februari na kumchukua Julai, basi, ni zaidi ya mechi alizokwisha kucheza.

Mshahara nao upige hesabu pamoja na kodi ya ziada ambayo klabu hulipa ikivuka kiwango, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola milioni 241. Klabu iliyo juu ya mstari huo inamlipa mrushaji mshahara, kisha inalipa asilimia nyingine juu yake.

Hatua ya 3: Soma mpira wenyewe

Hapa ndipo penye kazi, na sitapita haraka.

Wastani wa mikimbio unakuambia kilichotokea, na ndani yake kuna mambo mengi yasiyo ya mrushaji: wachezaji wa ulinzi nyuma yake, uwanja, bahati ya mpira kudondoka katikati ya watu wawili. Anza na vitu vitatu anavyovimiliki mwenyewe: anawatoa wangapi kwa straiki, anawapa wangapi beisi ya bure, na anapigwa homurani (mpira unaopigwa hadi nje ya uwanja) ngapi. Kwa ligi nzima, wapigaji karibu 22 kati ya 100 hutoka kwa straiki na karibu 8 hupewa beisi ya bure. Toa cha pili kwenye cha kwanza. Mrushaji ambaye tofauti yake ni 20 ana silaha, hata kama wastani wake wa mikimbio unatisha.

Baada ya hapo, fungua mpira mmoja mmoja. Tangu 2015 viwanja vyote vya MLB vina mfumo wa Statcast unaopima kila mpira unaorushwa: kasi, idadi ya mizunguko kwa dakika, umepinda kiasi gani, umetoka mkononi kwa urefu gani. Jedwali unalolihitaji ni dogo. Mstari mmoja kwa kila aina ya mpira anaorusha. Kisha uandike kasi yake, unavyosafiri, anautumia mara ngapi kati ya 100, anaupeleka sehemu gani ya eneo la straiki (juu ya beisi ya nyumbani, kati ya magoti na kifua cha mpigaji), na wapigaji wanaukosa mara ngapi wanapouzungushia gongo. Safu tatu za mwisho ndizo za thamani. Unatafuta mpira ambao wapigaji wanaukosa sana lakini mwenyewe anautumia kidogo, au mpira mzuri unaopelekwa mahali pasipo pake.

Sasa mtazame Cole kwa jedwali hilo. Msimu wa 2017 akiwa Pirates alirusha zamu 203, wastani 4.26, homurani 31, wapigaji 196 wakatoka kwa straiki. Kwa mrushaji mwenye mpira wa kasi unaokaribia kilomita 155 kwa saa, idadi hiyo ya straiki ni ndogo mno. Sababu ilikuwa kwenye mchanganyiko wake. Pirates kwa miaka kadhaa walipenda warushaji wao watumie mpira wa kuzama, ule unaoshuka na kumfanya mpigaji auchape chini kwenye nyasi. Mpira wa Cole wenye mishono minne, yaani ule wa kasi wa kawaida, ulikuwa na mzunguko wa kutosha kuufanya ushuke kidogo kuliko jicho la mpigaji linavyotarajia. Mpira wa namna hiyo mahali pake ni juu ya eneo la straiki, ambako gongo hupita chini yake. Na alikuwa na slaida (mpira wa haraka unaokwepea pembeni) na mpira wa kupinda ambavyo havikutumika vya kutosha.

Astros, wakiwa na Jeff Luhnow kama meneja mkuu, waliliona hilo. Wakampunguzia mpira wa kuzama, wakampandisha juu ule wa mishono minne, wakaongeza mipira inayopinda. Mwaka 2018 alirusha zamu 200, idadi karibu ileile ya mwaka uliotangulia. Waliotoka kwa straiki wakawa 276, wastani 2.88. Mwaka 2019 wakawa 326, wastani 2.50. Mkono ulikuwa uleule. (Astros waliadhibiwa na ligi Januari 2020 kwa kuiba ishara za wadakaji msimu wa 2017, na Luhnow akasimamishwa. Doa hilo ni la upigaji wao na linawastahili. Kazi waliyofanya na warushaji ni jambo jingine, na lazima isomwe.)

Glasnow alikuwa kisa cha upande wa pili wa jedwali. Mrefu, kasi ya kutisha, mpira wa kupinda usiogusika, lakini alikuwa akikwepa eneo la straiki na kugawa beisi za bure. Pirates walikuwa wamemweka na warushaji wa akiba. Rays wakamrudisha kuanza mechi mara alipofika, wakamwambia alenge katikati na auamini mpira wake, kwamba kwa kasi ile hata mpira wa katikati ni mgumu kupigwa. Mwaka 2019, katika mechi 12, wastani wake ulikuwa 1.78.

Usisahau mahali alipokuwa akirushia. Uwanja wa Coors Field mjini Denver uko kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa nyepesi hupunguza mpindo wa mpira na kuufanya usafiri mbali ukipigwa. Mrushaji wa Colorado Rockies asomwe kwa mechi za ugenini kwa uangalifu, na hata hizo zina mashaka, maana mkono uliozoea hewa nyepesi huchukua siku kadhaa kuizoea nzito.

Na bado mtume skauti akaketi nyuma ya beisi ya nyumbani. Kamera haisemi mrushaji anafanya nini baada ya mwenzake kuangusha mpira rahisi. Haionyeshi kama anabishana na mdakaji wake, au kama anafika mapema kujinyoosha. Skauti mzuri anaporudi na ukurasa mmoja kuhusu mambo hayo, usome mara mbili.

Hatua ya 4: Andika mpango wa mabadiliko, na utaje nani atausimamia

Kuona kasoro kwenye jedwali ni kitu kimoja; kuwa na mtu wa kuirekebisha ni kingine. Kabla ya kupeleka ofa, kocha wa warushaji akae na wachambuzi waandike ukurasa mmoja: tutabadilisha nini, kwa utaratibu gani, itachukua muda gani, na tukishindwa tutakuwa na mrushaji wa aina gani. Kama ukurasa huo haujazi hata mistari mitano, bei unayopaswa kutoa ni ya mrushaji alivyo leo, usiongeze kitu.

Archer alinunuliwa bila ukurasa kama huo, au kwa ukurasa mbaya. Mkataba wake ulikuwa mzuri mno, wa bei nafuu na wenye haki ya kuuendeleza hadi 2021, na nadhani mkataba ule ndio uliowavuta Pirates. Lakini msimu wa 2019 alirudia mpira wa kuzama, ule ule ambao Cole alikuwa ameondolewa kule Houston. Ukapigwa vibaya, akauacha katikati ya msimu. Wastani wake mwaka huo ulikuwa 5.19. Mwaka 2020 hakurusha kabisa kwa sababu ya upasuaji. Katika mechi 33 alizoanzia Pirates alishinda 6.

Kinachoniuma kwenye habari hii ni kwamba ushahidi ulikuwa mezani. Julai 2018, Pirates walipokuwa wakijadili bei ya Archer, Cole alikuwa tayari ana nusu msimu Houston akirusha kwa mtindo mpya na kuwatoa watu kwa makundi. Ofisi inayojiuliza kwa nini mchezaji iliyemtoa amebadilika ingejifunza bure kabla ya kununua tena.

Hatua ya 5: Faili la daktari lisomwe kabla ya mikono kupeanwa

Mkono wa mrushaji ni kitu dhaifu. Kano ya ndani ya kiwiko ikikatika, tiba ni upasuaji wa Tommy John, uliofanywa mara ya kwanza na Dkt. Frank Jobe mwaka 1974, na kupona huchukua kama mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Bega ni baya zaidi, kwa sababu kurudi kwake hakutabiriki.

Agosti 1, 2022 Yankees walimchukua Frankie Montas pamoja na Lou Trivino kutoka Oakland kwa wachezaji wanne. Mwezi uliotangulia Montas alikuwa amekosa mechi kwa uvimbe wa bega. Alianza mechi 8 kwa Yankees, wastani 6.35. Februari 2023 akapasuliwa bega, na msimu mzima wa 2023 akarusha mechi moja tu. Siku moja baada ya kumpata, Yankees walimtoa Jordan Montgomery mwenye afya njema kwenda St. Louis, na mwaka uliofuata Montgomery alikuwa na Texas Rangers wakibeba ubingwa.

Maswali ya kuuliza ni ya wazi, lakini yaulizwe yote. Picha za bega na kiwiko ni za lini, na zikilinganishwa na za miaka iliyopita zimebadilika wapi? Kasi yake imeshuka katika wiki sita za mwisho? Mkono unatoka chini zaidi kuliko mwanzo wa msimu? Statcast itakuonyesha hili hata kabla daktari hajafungua faili, na mrushaji anayeshusha mkono wake pole pole mara nyingi anakwepa maumivu. Anapokea sindano gani, anameza nini, anatibiwa nini kila siku? Ameongeza zamu ngapi ukilinganisha na mwaka jana?

Swali la dawa na matibabu ya kila siku lina historia. Julai 2016 San Diego Padres waliwapa Red Sox mrushaji Drew Pomeranz, wakampokea kijana Anderson Espinoza. Baadaye ligi ikabaini kwamba taarifa za tiba hazikuwekwa wazi kama inavyotakiwa, na Septemba ikamsimamisha meneja mkuu wa Padres, A.J. Preller, siku 30 bila malipo. Espinoza mwenyewe akaja kupasuliwa kiwiko mara mbili. Basi soma faili la unayempokea, na faili lako mwenyewe likabidhi kamili.

Majeraha yote si sawa, na hapa pana nafasi ya kununua kwa bei nafuu. Chris Sale alipotolewa na Red Sox kwenda Atlanta Braves Desemba 2023, alikuwa amecheza kidogo sana kwa miaka minne. Lakini kiwiko kilikuwa kimetengenezwa mwaka 2020, na mengi yaliyofuata yalikuwa mifupa: mbavu, kidole kilichopigwa na mpira, kifundo cha mkono alipoanguka na baiskeli. Mwaka 2023 alikuwa amerudi na kuanza mechi 20. Braves walitoa mchezaji mmoja, Vaughn Grissom, na Boston ikaongeza dola milioni 17 za mshahara. Mwaka 2024 Sale alishinda 18, akapoteza 3, wastani 2.38, akabeba Cy Young.

Hatua ya 6: Panga malipo kabla hujaulizwa

Ofisi iliyojiandaa ina orodha ya vijana wake wote, kuanzia timu za ligi ndogo hadi chuo cha mafunzo kule Jamhuri ya Dominika, ikiwa imegawanywa katika makundi matatu: wasioguswa, wanaotolewa kwa mrushaji wa miaka mingi tu, na wanaoweza kwenda muda wowote. Vipaji hivyo hutoka mbali. Miaka ya karibuni hata vijana wa Uganda wamesajiliwa na klabu kama Dodgers na Pirates. Orodha iandikwe Juni, vichwa vikiwa vimetulia. Julai 30 usiku kila mtu anaonekana anaweza kutolewa.

Tafuta penye ziada. Kikosi kilichosajiliwa kina nafasi 40, na vijana wasiowekwa humo kwa wakati huweza kuchukuliwa na klabu nyingine Desemba. Ukiwa na vijana wengi kuliko nafasi, wale wa ziada thamani yao kwako ni ndogo kuliko kwa timu yenye nafasi tupu. Hao ndio uwatoe kwanza kama malipo.

Kanuni chache za kukumbuka: nafasi za kawaida za uteuzi wa vijana haziuzwi, isipokuwa zile za ziada zinazotolewa kwa klabu za masoko madogo au mapato madogo. Kijana aliyeteuliwa Julai haruhusiwi kutolewa hadi World Series, fainali ya ubingwa, ya mwaka huo imalizike. Ndiyo sababu Braden Montgomery, aliyeteuliwa 2024, aliweza kuingizwa kwenye dili ya Crochet Desemba. Na mchezaji anaweza kuachwa atajwe baadaye, ndani ya miezi sita. Shane Baz aliingia kwa mlango huo. Tahadhari na mlango huo: huwa unaonekana mdogo siku ya kusaini, na watu hukubali pale wasipokubali kwingine.

Kisa cha zamani ambacho kila ofisi inakijua ni cha Agosti 1987. Detroit Tigers walimchukua mkongwe Doyle Alexander kutoka Atlanta. Alishinda mechi 9 bila kupoteza, wastani 1.53, na Tigers wakatwaa kundi lao kabla ya kutolewa na Minnesota. Malipo yalikuwa kijana wa miaka 20 aitwaye John Smoltz, aliyekuja kushinda mechi 213 na kuingia kwenye Jumba la Umaarufu mwaka 2015. Mimi siiiti dili mbaya. Tigers walipata walichokitaka. Nashangaa tu kama kweli hakukuwa na jina jingine kwenye orodha yao.

Hatua ya 7: Simu na saa

Siku ya mwisho hupangwa kati ya Julai 28 na Agosti 3. Miaka ya karibuni milango hufungwa saa 12 jioni kwa saa za New York, ambayo ni saa 7 usiku Nairobi na Dar es Salaam. Tangu 2019 tarehe ni hiyo moja tu. Ule utaratibu wa zamani wa kuendelea hadi mwisho wa Agosti umefutwa.

Ongea na klabu tatu au nne kwa wakati mmoja kuhusu warushaji tofauti, na kila mmoja awe na bei ya mwisho iliyoandikwa. Muulize muuzaji anapenda nani kwako kabla hujamwambia unampenda nani kwake. Ukiwa wa kwanza kutaja jina, umeshataja na haraka yako.

Angalia pia nani ana haki ya kukataa. Mchezaji mwenye miaka 10 kwenye ligi, mitano ya mwisho akiwa na klabu moja, hatolewi bila ridhaa yake. Agosti 31, 2017 Justin Verlander wa Detroit alikuwa na haki hiyo. Tigers na Astros walikuwa wanazungumzia vijana watatu na pesa, na ridhaa yake ikapatikana dakika za mwisho kabla ya saa 6 usiku. Alishinda mechi zake zote 5 zilizobaki kwa wastani wa 1.06, akawa mchezaji bora wa fainali ya American League (moja ya ligi mbili zinazounda MLB), na Astros wakawa mabingwa. Ungekuwa wewe, familia yake na wakala wake wangepaswa kuwa wameshajua mji, shule na uwanja kabla ya usiku ule.

Hatua ya 8: Wiki ya kwanza, kisha daftari

Mrushaji akishafika, asipewe mabadiliko yote siku moja. Mpe jambo moja kwa kila kipindi cha mazoezi, na amwone mdakaji wake mpya kabla ya mechi ya kwanza. Aliyekuja Julai abadilishwe matumizi ya mipira tu, yaani kipi zaidi na wapi. Kumfundisha mpira mpya au kubadilisha mwendo wa mkono kusubiri majira ya baridi.

Kama ulimchukua akiwa na miaka miwili au mitatu, zungumzia mkataba mpya mapema. Seattle Mariners walimpata Luis Castillo mwishoni mwa Julai 2022, na Septemba wakamfunga kwa miaka mitano na dola milioni 108. Msimu huo wakaingia mtoano baada ya kusubiri miaka 21. Boston walimpa Crochet miaka sita na dola milioni 170 mwanzoni kabisa mwa msimu wa 2025. Dodgers, wao, walipomchukua Glasnow Desemba 2023 mkataba mpya ulikuwa sehemu ya dili yenyewe.

Daftari ni kwa ajili ya hesabu. Siku ya dili andika ulichotarajia: zamu ngapi, ushindi kiasi gani, mpango gani wa mabadiliko, na thamani ya kila kijana uliyemtoa. Lifungue kila mwisho wa msimu. Chukua dili ya Corbin Burnes ya Februari 2024. Upande wa Baltimore ungeandikwa hivi: mwaka mmoja, mechi 32, wastani 2.92, kisha akaenda Arizona kwa dola milioni 210 na klabu ikapata nafasi ya ziada ya uteuzi. Upande wa Milwaukee: Joey Ortiz kwa miaka sita, DL Hall, na nafasi ya 34 kwenye uteuzi wa 2024. Mistari ya Baltimore imefungwa. Ya Milwaukee bado inaandikwa.